Unga wa chumvi, karatasi, vya kuokota au kitambaa? Mapambo ya Krismasi ya kutengeneza na watoto

Desemba ikibisha hodi, mtoto anauliza mwaka huu tutaning'iniza nini kwenye mti. Unachukua simu utafute wazo moja, unaletewa mia nne. Kila picha inavutia, na hakuna hata moja inayokuambia kwamba lile pambo lilikaa kwenye oveni saa tatu, au kwamba mtoto wa miaka minne aliligusa kwa brashi mara mbili tu, kazi nyingine yote akaimalizia mama yake usiku.

Nimetengeneza mapambo na watoto wa rika mbalimbali, wangu na wa ndugu zangu, na nimebaki na njia nne ninazozirudia kila mwaka: unga wa chumvi, karatasi, vitu vya kuokota nje, na kitambaa na uzi. Zote nne ninazipenda kwa dhati. Lakini tabia zake hazifanani. Njia inayowafurahisha watoto watano wa chekechea waliozunguka meza moja inaweza kumchosha binti wa miaka kumi na mmoja kabla hajamaliza pambo la kwanza. Nitazipima zote kwa vipimo vilevile, kisha utaona mwenyewe ipi inaingia nyumbani kwako.

## Vipimo vyenyewe

Mikono ya mtoto. Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa. Katika kazi nzima, mtoto anafanya sehemu gani kwa mikono yake? Kwa kawaida wa miaka miwili anachana, anabandika na kufinyanga. Wa miaka mitatu anaanza kukata kwa mkasi, vipande vidogo vidogo, bila kufuata mstari. Akikaribia minne anaweza kufuata mstari ulionyooka, na kwenye mitano au sita anaanza kuzungusha mkasi kwenye duara. Watoto hawalingani, wengine hutangulia na wengine huchelewa, ila ukiyakumbuka hayo hutampa wa miaka mitatu nyota yenye ncha tano aikate, halafu ukaishia kumnyang'anya.

Muda. Kuna muda wa kufanya na muda wa kusubiri. Wa pili ndio unaosahaulika, na ndio unaoleta machozi.

Fujo. Nani atafagia, na kwa dakika ngapi.

Hatari. Joto, ncha kali, sumu, na zaidi ya yote vitu vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto. Kwa walio chini ya miaka 3 kuna kipimo rahisi cha nyumbani: roli tupu ya karatasi ya chooni, ambayo upana wa mdomo wake ni kama sentimita 4 na nusu. Kitu chochote kinachopenya ndani yake kisimfikie mtoto huyo. Kipimo rasmi kinachotumika Marekani na Ulaya kwa vitu vya kuchezea vya rika hilo ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, kwa hiyo ukitumia roli umejiwekea tahadhari ya ziada.

Mwakani. Je, ukifungua boksi Desemba ijayo, pambo litakuwa zima?

Gharama sikuiweka. Kila njia kati ya hizi inaweza kufanywa kwa vitu ambavyo tayari viko ndani ya nyumba au nje ya mlango.

## Unga wa chumvi

Kwa asiyeujua: vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji kama robo tatu ya kikombe, ukiyaongeza kidogo kidogo. Ukande dakika kumi hivi, mpaka ulainike na uache kunata vidoleni. Chumvi ya mawe huacha chenga zinazochomoza juu ya pambo. Unga uliokwisha kuchanganywa na kitu cha kuumua usiutumie kabisa, kwa sababu nyota itavimba kama mto. Sukuma ufikie unene wa nusu sentimita, kata kwa vikatio vya biskuti au mdomo wa glasi, kisha toboa tundu la uzi kwa mrija, sentimita moja kutoka ukingoni. Ukitoboa karibu zaidi ya hapo, ukingo utakatika siku ya kuning'iniza. Oka kwa nyuzi 100 hadi 120 za selisiasi kwa saa 2 mpaka 3, ukigeuza katikati.

Joto hilo dogo wengi hulidharau. Wanaongeza moto wapate kumaliza mapema, na matokeo yake ni malengelenge na nyufa, kwani maji yaliyo ndani yanageuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka. Unayakausha mapambo, huyapiki.

Mikono ya mtoto. Hapa unga wa chumvi unang'ara. Mtoto wa miaka miwili anaponda, anasukuma, anabonyeza kikatio, na kila anachofanya kinaacha alama. Siku moja nilimpa mpwa wangu wa miaka mitatu mrija atoboe matundu. Alitoboa la kwanza, akauinua mrija, akaona kidonge cheupe kimekwama ndani. Akapuliza. Kidonge kikaruka kikaangukia mezani, naye akakiangalia kwa muda mrefu kama mtu aliyeona yai likianguliwa. Tulitoka pale na nyota moja yenye matundu kumi na tisa. Bado ninayo.

Watoto wakubwa nao wana la kufanya: kuchora kwa kijiti, kusuka kamba za unga, kupaka rangi kwa brashi nyembamba. Kwa hiyo meza moja inabeba rika zote.

Muda. Kufanya ni nusu saa hadi saa moja. Kusubiri ndiko kunakouma: saa za oveni, kupoa, rangi ambayo mara nyingi inasogea hadi kesho yake, kisha vanishi. Asiye na oveni anaweza kuanika ndani ya nyumba juu ya wavu, akigeuza kila siku, na hapo hesabu siku tatu mpaka wiki nzima kutegemea unene na hali ya hewa. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kesho ni mbali sana. Mwambie mapema kwamba leo ni siku ya kukata na kesho ni siku ya rangi, ili asidhani amedanganywa.

Fujo. Ni nyingi, ila ni ya aina moja: unga. Tandika kitambaa cha plastiki chini ya meza. Mabaki yatupe kwenye pipa la taka. Ukiyasukumia kwenye sinki yataganda bombani. Mwenye mkwaruzo kidoleni mfunge plasta kwanza, kwani chumvi itamwasha.

Hatari. Unga mbichi si wa kulamba, hata usingekuwa na chumvi, kwa kuwa unaweza kubeba vijidudu vya tumbo. Na chumvi iliyomo ni nyingi kiasi cha kumdhuru mtoto mdogo akimeza donge. Wenye mbwa wawe makini zaidi: harufu ya unga inamvuta, na mbwa akila pambo la unga wa chumvi, hata lililokwisha kukauka, anaweza kupata sumu ya chumvi inayoua. Ning'iniza juu, na bakuli la unga lisibaki mezani mkiondoka.

Mwakani. Inategemea vanishi. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, na pambo lisilozibwa huanza kutoa jasho, kisha hulainika, kisha huota ukungu. Paka vanishi tabaka mbili, mbele, nyuma, ukingoni na ndani ya tundu. Gundi nyeupe iliyozimuliwa inang'arisha lakini haizuii maji. Hifadhi kila pambo ndani ya karatasi laini, mahali pakavu. Likianguka kwenye sakafu ngumu, litavunjika.

Ninavumilia udhaifu wote huo kwa sababu ya alama ya kiganja. Nina pambo la kiganja cha mwanangu alichobonyeza akiwa na miaka miwili. Kila mwaka anakuja analiwekea mkono wake juu, na kila mwaka vidole vinazidi kuchomoza nje. Karatasi haiwezi kunipa hilo, wala kitambaa.

Wapo wanaopendelea udongo mweupe wa kupika: vikombe 2 vya soda ya kuokea, kikombe 1 cha wanga wa mahindi, na maji kikombe kimoja na robo, vikorogwe juu ya moto mdogo mpaka vifanane na viazi vilivyopondwa. Ukishapoa unafinyangwa vilevile. Unakauka wenyewe bila oveni na unatoka mweupe safi, lakini ni mwepesi kukatika kwenye ncha nyembamba, kwa hiyo maduara na mioyo huufaa kuliko nyota. Huu nao haulambwi.

Unamfaa nani. Mwenye watoto wadogo au mchanganyiko wa rika, anayeweza kutenga siku mbili, na anayetaka kumbukumbu ya umri.

## Karatasi

Karatasi haina utangulizi. Unakaa, unakata, na baada ya dakika ishirini kuna kitu ukutani.

Mikono ya mtoto. Ina ngazi nyingi kuliko njia zote. Wa miaka miwili anachana karatasi za rangi na kuzibandika juu ya umbo ulilokata wewe. Wa minne anatengeneza mnyororo: vipande vya sentimita 2 kwa 18, kimoja kimoja kinakuwa pete inayopita ndani ya mwenzake. Wa sita au saba anasuka moyo wa vipande viwili vya rangi, ule unaojulikana sana Denmark, ambao ukikamilika unakuwa kikapu kidogo kinachofunguka. Wa tisa na kuendelea yuko tayari kwa nyota ya kukunja kwa vipande vinne virefu. Nyota hiyo imebeba jina la Friedrich Fröbel, mwalimu wa Ujerumani aliyeanzisha mwaka 1837 kile kilichokuja kuitwa chekechea, na ambaye kukunja karatasi kulikuwa sehemu ya mafunzo yake kwa watoto.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kumpa mtoto mdogo ua la theluji. Linaonekana rahisi: kunja, kata, kunjua. Lakini hesabu. Ukikunja karatasi mara ya kwanza unapata tabaka 2, ukiigawa kwa tatu zinakuwa 6, ukikunja tena katikati zinakuwa 12. Mkasi wa mtoto wa miaka mitano hauwezi kukata tabaka 12 za karatasi ya daftari. Unatafuna, unateleza, mtoto anakata tamaa na kusema hajui kukata. Anajua. Karatasi ndiyo nene. Mpe karatasi nyembamba sana, au ishia kwenye tabaka 6, na utaona tofauti papo hapo. Wengi hukunja kwa nne wakapata ua la ncha nne au nane. Theluji yenyewe ina pande sita kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa umbo la pembe sita, na mtoto wa shule ya msingi hufurahi sana kulijua hilo akiwa na mkasi mkononi.

Muda. Mfupi kupita zote, na hakuna kusubiri zaidi ya gundi kushika. Unaweza kuanza chai ikiwa jikoni na ukamaliza kabla haijapoa.

Fujo. Vipande vidogo sakafuni, basi. Fujo ya kweli huletwa na ule unga unaometameta, glita. Nikiri kwamba siupendi: unabaki kwenye mazulia na nywele mpaka Pasaka, na mwingi wake ni chembe za plastiki. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa glita ya plastiki isiyofungwa Oktoba 2023 kwa sababu hiyohiyo. Mtoto akitaka mng'ao, mpe karatasi ya fedha ya kufungia chokoleti aichane.

Hatari. Mkasi wa ncha butu kwa wadogo. Pini za stepla zinaanguka na wanaotambaa wanaziokota, kwa hiyo tumia gundi nyumba ikiwa na mtoto mchanga. Na karatasi na mshumaa visikae karibu kamwe. Taa za mti ziwe za LED, ambazo hazipati joto kama balbu za zamani.

Mwakani. Hapa karatasi inashindwa. Rangi inafifia juani, pembe zinakunjika, na ile ya gazeti inageuka manjano kwa sababu ina lignini, kitu kilichomo kwenye mti ambacho hubadilika rangi kikipigwa na mwanga na hewa. Manila inadumu zaidi. Maua ya theluji mimi huyahifadhi katikati ya kurasa za kitabu kikubwa, na yanatoka vizuri.

Ila kuna pambo moja la karatasi ambalo uzuri wake ni kwamba linaisha. Tengeneza mnyororo wa pete 24 siku ya mwisho ya Novemba, kisha kila siku ya Desemba mtoto anachana pete moja. Anayeshindwa kusoma kalenda anaona kwa macho Krismasi ikikaribia, na lile swali la "bado siku ngapi?" anajijibu mwenyewe.

Inamfaa nani. Mwenye watoto wengi, muda mchache na meza ndogo. Mwalimu wa darasa. Mzazi ambaye leo amechoka lakini ameahidi.

## Vitu vya kuokota nje

Koni za misonobari, vijiti, majani makavu, mbegu, maganda, makombe, manyoya ya ndege. Hutegemea unapoishi na kilichoanguka chini ya miti.

Mikono ya mtoto. Kuokota ni kwao kwa asilimia mia moja, na mara nyingi ndiyo sehemu wanayoikumbuka. Kuunganisha ndiko kunakoleta shida. Gundi nyeupe haishiki vizuri kwenye koni wala kokwa laini, na bunduki ya kawaida ya gundi ya moto huifikisha gundi karibu nyuzi 190. Hiyo ni kazi ya mtu mzima. Usipoangalia, mtoto anageuka kuwa mpeleka vijiti, wewe ndiye mtengenezaji. Dawa yake ni kufunga badala ya kugundisha: vijiti vitano na uzi vinatoa nyota, vijiti vilivyopangwa kwa urefu na kufungwa kwenye kimoja cha katikati vinatoa mti, na koni inahitaji uzi tu uliozungushwa chini ya magamba ya juu. Mtoto wa miaka sita anafunga yote hayo, kwa mafundo yasiyo mazuri lakini yanayoshika.

Na koni ina zawadi ya ziada. Chukua iliyokauka na kufunguka, itumbukize kwenye bakuli la maji, mkaendelee na mengine. Mkirudi baada ya muda mtaikuta inafumba magamba yake. Itoeni, iwekeni pakavu, na baada ya siku chache itafunguka tena. Haiko hai, magamba yana tabaka mbili zinazovimba kwa viwango tofauti zikinywa maji, na ndivyo mti unavyolinda mbegu zake siku za unyevu. Mwanangu aliirudia mara nne, na ile koni ndiyo iliyopewa nafasi ya mbele kabisa kwenye mti.

Muda. Matembezi ya kuokota, kisha matayarisho. Koni zipangwe kwenye karatasi ya bati na kuokwa kwa nyuzi kama 100 kwa nusu saa hadi saa moja, mtu mzima akiwa jikoni muda wote. Wadudu wanakufa, utomvu unayeyuka na kuganda, na zilizofumba zinafunguka. Vipande vya chungwa vya nusu sentimita hukauka kwenye joto hilohilo kwa saa 2 hadi 4, na nyumba nzima inanukia.

Fujo. Nje haina tatizo. Ndani ni mchanga na utomvu. Utomvu wa mikononi hautoki kwa maji. Sugua kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo utumie sabuni.

Hatari. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa watu huamini kwamba cha porini hakina madhara. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, turituri, ni nzuri mno na mtoto atazitaka. Zina sumu kali iitwayo abrini, na mbegu iliyotafunwa au kutobolewa ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mbegu za mbarika zenye madoadoa kama marumaru zina risini, nayo inaua. Kanuni ninayowapa watoto ni fupi: tusiyoijua jina hatuiokoti. Mbegu nyingine ndogo, hata zisizo na sumu, zipite kwenye kipimo cha roli kama una mdogo nyumbani.

Mwakani. Koni na vijiti hudumu miaka mingi bila kudai kitu. Majani hupukutika. Vipande vya chungwa hutegemea hewa: penye ukavu vinaweza kurudi mwaka wa pili, penye unyevu vinanata na kuota ukungu. Mbegu yenye kitundu kidogo iache ulikoikuta, kwani mdudu huenda bado yumo na atawahamia wengine ndani ya boksi.

Vinamfaa nani. Mtoto asiyetulia ndani, mzazi anayependa mapambo yenye rangi za ardhi, na yeyote aliye karibu na miti.

## Kitambaa na uzi

Ndiyo njia ya polepole. Felti, kile kitambaa kizito kisichochanuka ukingoni, ndiyo rafiki wa anayejifunza, maana akikata hahitaji kukunja pindo. Vitambaa vya pamba kutoka nguo kuukuu vinafaa pia, ila vinachanuka, na wengine tunaupenda muonekano huo.

Mikono ya mtoto. Kwa kushona, subiri miaka mitano au sita, na uanze na sindano butu ya plastiki na uzi mnene. Toboa matundu mapema, mtoto apitishe uzi tu. Lakini hata kabla ya hapo kuna kazi: kata nyota ya boksi gumu, weka mikato midogo ukingoni, na mtoto wa miaka minne azungushe uzi wa sufu juu yake ovyo anavyotaka. Wa saba anaweza kutengeneza kishada cha duara kwa uma wa mezani: zungusha uzi kwenye meno mara 80 hivi, funga katikati kwa nguvu, toa, kata pande zote, kisha punguza kwa mkasi. Cha kwanza hutoka kama kifaranga aliyelowa. Cha tatu kinakuwa mpira kweli.

Muda. Pambo moja la felti lililoshonwa na kujazwa pamba linaweza kuchukua alasiri mbili. Lakini hakuna kinachokauka wala kuungua, kwa hiyo kazi inaweza kuachwa kwenye mfuko na kuendelezwa keshokutwa. Kwa mtoto mkubwa hilo ni raha yenyewe. Kwa mdogo ni kifungo.

Fujo. Karibu haipo.

Hatari. Sindano. Zihesabu kabla ya kuanza na zihesabu mkimaliza, kila mara, na asiondoke mtu mezani hesabu isipolingana. Vifungo na shanga ni vya kupima kwa roli. Penye paka, nyuzi ndefu zisining'inie chini, kwani uzi uliomezwa unaweza kumkaza utumbo.

Mwakani. Hakuna kinachoshindana nacho. Kinaanguka, kinakanyagwa, kinatafunwa na mdogo wao, na bado kinarudi mtini. Adui wake ni nondo kama ni sufu halisi, kwa hiyo funga vizuri.

Kinamfaa nani. Watoto wa miaka saba na zaidi, mtoto mmoja mwenye subira, au babu na bibi wanaojua kushona na wanaotafuta sababu ya kukaa na mjukuu.

## Kuchagua kwa hali yako

Kama una alasiri moja tu na watoto wanne au zaidi, shika karatasi. Gawa kazi kwa ngazi: wadogo wachane, wa kati waunganishe mnyororo, mkubwa apewe nyota ya kukunja na aachwe kimya.

Kama mtoto wako yuko chini ya miaka mitatu, unga wa chumvi unampa kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote, mradi umkalie karibu asile. Ukiona bado kila kitu kinaishia mdomoni, mchukulie alama ya kiganja tu, dakika tano, umnawishe, na mengine yasubiri mwakani.

Nyumba yenye mbwa mwenye njaa isiyoisha isitumie unga kwenye matawi ya chini. Nyumba yenye mtoto anayejifunza kutembea iweke vya kitambaa chini na vya kuvunjika juu. Huo ndio mpangilio nilioutumia miaka miwili mfululizo na sikupoteza pambo hata moja.

Mkiwa na oveni moja na moto ni wa kubana, acheni unga na vipande vya chungwa. Karatasi, vijiti na uzi havihitaji moto. Na mnaoishi penye unyevu mwingi, wekeni unga nyuma ya orodha, isipokuwa kama mko tayari kuupaka vanishi kwa uvumilivu.

Kwa mtoto wa miaka tisa na kuendelea aliyeanza kusema mambo haya ni ya watoto, nimeona mawili yanafanya kazi: sindano halisi, au ile nyota ya vipande vinne. Vyote viwili ni vigumu kwa kweli, naye anajua kwamba ni vigumu. Mkae pamoja hatua za kwanza, halafu mpe nafasi.

Kama unataka zawadi kwa ndugu aliye mbali, tuma felti au nyota ya karatasi iliyolazwa kwenye bahasha ngumu. Unga wa chumvi haupendi safari.

Na kama rika zimechanganyika, tumia njia mbili kwa siku mbili. Jumamosi asubuhi wote wakate unga wa chumvi. Unga ukiwa kwenye oveni, tokeni mkaokote vijiti na koni kama kuna mtu mzima mwingine wa kubaki nyumbani, la sivyo kaeni mezani na karatasi. Jumapili ni siku ya rangi. Kabla unga haujaingia kwenye oveni, geuza kila pambo na uandike nyuma kwa kijiti jina la mtoto na mwaka, kwa sababu ikifika saa ya kuning'iniza kila mmoja atadai kwamba nyota nzuri ni yake.